Nilimwia Radhi Kabla Hajanikosea

Sehemu ya tisa

Mliokuwa nami tangu juma la kwanza mwanijua kuliko majirani zangu wa Wiyoni wanavyonijua. Kwa aliyefungua gazeti leo tu, habari yangu ni hii, na haichukui muda.

Jina langu Huwaida. Bwana Shukri, wakala wa kazi za ng'ambo hapa Amu, yaani Lamu, alinipeleka Ghuba kupika katika jiko la shule. Shule sikuiona. Niliiona nyumba ya Madam Hadil, na ya mama yake, na ya dada yake, na zote tatu nilizipiga deki mimi. Pasi yangu ya kusafiria ilifungiwa kabatini siku niliyofika. Mwezi wa kumi na nne nilitoka na mifuko ya taka, nikaenda kuitupa, sikurudi.

Juma lililopita niliwasimulia yale makao ya wanawake waliotoroka. Niliwaambia pia habari ya Cherotich, mwanamke wa Bomet tuliyelala naye godoro moja, alivyonipa sanduku lake lililojaa nguo. "Usirudi kwenu mikono mitupu, Huwaida," alisema. "Mimi kwetu watanipokea hata nikishuka na mswaki peke yake." Nikaishia mlangoni kwa mama, anaponiuliza mbona nimerudi mapema.

Na sasa naungama. Nilimjibu, "Nimekuja likizo, mama."

Ulimi hauna mfupa. Nikafungua sanduku la watu, nikagawa nguo za watu: mtandio huu wa shangazi, gauni hili la mdogo wangu Nusra. Majirani wakaja kunywa kahawa na kunitazama. Miezi mitatu nikatembea Amu kifua mbele, na mtu akiniuliza warudi lini, namwambia karibu.

Watu husema mficha uchi hazai. Mimi nilificha, na aliyekaribia kuangamia kwa kuficha kwangu si mimi.

Ilikuwa Jumanne, adhuhuri imeshasaliwa. Naingia chumbani namkuta Nusra amelifungua lile sanduku kitandani, anapanga nguo.

"Waenda wapi?"

"Sapraizi, dada." Akacheka, akanipa karatasi. "Nimepata. Bwana Shukri alisema nisikwambie mpaka viza itoke. Tunaondoka keshokutwa, sisi saba. Mpishi wa shule, kama wewe."

Karatasi ilikuwa ya Kiarabu na Kiingereza. Kiarabu nakisoma kwa herufi za chuo cha Kurani, maana yake hunipita, na Kiingereza cha mikataba hivyo hivyo. Lakini lipo jina moja ambalo ningelisoma hata nikiamshwa usingizini. Lilikuwa mstari wa tatu. Hadil.

Nikakaa kitandani, juu ya nguo.

"Nusra, huendi."

"Kwani kuna nini?"

"Shule hakuna. Hii ni nyumba. Ni ile niliyotoroka mimi, na wewe ndiye wa kushika nafasi yangu."

Alicheka tena, akaona mwenzake sicheki. "Si ulikuja likizo?"

"Nilitoroka."

"Na hili sanduku?"

"La mwenzangu, Cherotich."

"Na nguo?"

"Zake pia."

"Na ile picha yako ya supamaketi, umeshika troli imejaa?"

"Troli ni ya Madam. Mimi nilikuwa nasukuma."

Akachukua simu yake, akatafuta, akaniwekea. Nikaisikia sauti yangu mwenyewe: "Nusra, mdogo wangu, alhamdulillah. Huku ni raha tupu. Usitie shaka."

"Na hii ni ya nani?" akauliza. "Nani alikushikia kisu?"

Hakuna aliyenishikia kisu. Uongo ule niliusema kwa hiari yangu, kwa sababu kila aliyesafiri kabla yangu alisema hivyo hivyo, na mimi sikutaka kuwa wa kwanza kushindwa.

"Unajua ninachofikiria?" akasema Nusra taratibu. "Wewe unataka kurudi peke yako. Unataka uwe wewe tu mwenye kitu humu ndani."

Nimepigwa na Madam Hadil kwa kandambili mbele ya wageni. Haikuniuma hivyo.

Nilipoinua macho, mama alikuwa amesimama mlangoni. Mama yangu, Bi Mwanamkisi, si mtu wa maneno mengi.

"Nimeyasikia," akasema. "Miezi mitatu, Huwaida. Ukanifita mimi mamako?"

Akageuka akaenda jikoni. Bora angenipiga.

Nikajitanda buibui, nikashika njia ya mjini. Afisi ya Bwana Shukri iko ghorofani, karibu na gati, na ngazi zake nilizipanda mbili mbili. Nilimkuta amevaa kofia yake ya kushonwa kwa mkono, anakunywa chai ya tangawizi. Mtu huyu husali safu ya mbele na hasemi kwa sauti ya juu hata siku moja. Ndiyo maana tulimwamini.

"Huwaida, karibu. Likizo yasemaje?" Akatabasamu.

Alijua. Siku zote tisini zile nilizokuwa nikidanganya mji, yeye alijua, na alifurahi kuniacha nidanganye.

"Nimekuja kuchukua pasi ya Nusra."

"Nusra ni mtu mzima. Ametia saini mwenyewe."

"Ametia saini karatasi asiyoweza kuisoma, ya kazi ambayo haiko, kwa nyumba niliyotoka nikikimbia. Wewe siku ile ulipigiwa simu."

"Nilipigiwa," akasema. Hata hakukana. "Kila nyumba ina mambo yake. Wengine wana subira. Wewe hukuwa nayo."

"Basi naenda kwa afisa wa kazi. Nitasema lote."

"Nenda. Lakini kabla hujaenda, sikiliza hii."

Akabonyeza simu, na kwa mara ya pili siku ile sauti yangu ikanigeukia. "Bwana Shukri, nimekuwia radhi, duniani na akhera. Sina dai nawe lolote."

Msio wa huku mtauliza mtu mwenye akili zake husemaje maneno kama hayo. Nitawaambia. Kwetu mtu hasafiri, hata iwe Mombasa kwa wiki moja, bila kuombana radhi na watu wake. Huenda asirudi. Basi hupita kwa jamaa na majirani: niwie radhi, nami nimekuwia. Siku ya kutuaga, Bwana Shukri naye akapita kwetu mmoja mmoja, ameinamisha kichwa, simu mkononi. "Niwieni radhi, binti zangu. Nataka kuweka kumbukumbu." Tukaona ni adabu. Mwenzangu mmoja hata alilia.

Madam Hadil alikuwa bado hajanijua kwa sura, na mimi nishamsamehe wakala wake.

"Wote mmo humu ndani," akasema Shukri, akaipigapiga simu. "Mtu aliyesema hana dai, ana dai gani tena? Kwa afisa, kwa kadhi, popote."

Nilidhani amemaliza. Akanisogezea kiti.

"Mimi si adui yako, Huwaida. Kaa nifanyie kazi. Uzungumze na wasichana, wakuone ulivyorudi na sanduku limejaa. Ukikubali, Nusra nitamtafutia nyumba nyingine, nzuri."

Nimeahidi kuwaambia kweli, basi ichukueni yote. Nilikaa. Nilikaa kwenye kile kiti, na nilinyamaza muda wa kutosha yeye kuanza kuandika jina langu kwenye karatasi.

"Na kwa Hadil ataenda nani?" nikauliza.

"Yuko Shifaa wa Matondoni." Kalamu haikusimama. "Huyo hana mtu wa kumuulizia."

Nikasimama. "Radhi yangu unayo kwenye simu, Bwana Shukri. Mdomo ninao bado."

Jumatano, baada ya alasiri, nilikwenda Matondoni. Kuagana hufanywa nyumbani kwa mama yake Shukri, Bi Barka. Huyu Bi Barka ndiye aliyesomesha Kurani nusu ya wanawake wa kijiji kile. Tulipokuwa bado twakaa kule, alinifunza alifu na be, na nikikosea alinifinya sikio. Watu walimwamini mwanawe kwa sababu ya jina lake yeye.

Ndani udi umefuka. Wanawake wamejaa mikekani, kahawa na halua zimeshapita. Wasafiri saba wamekaa mbele, hina mikononi bado nyekundu. Mama yangu alikuwa kando ya ukuta, hakunitazama. Shukri amesimama mlangoni, kwenye daka, anawaita mmoja mmoja waje kumwia radhi. Na aliyesimama mbele ya simu wakati ule ni Nusra.

"Ngoja, Nusra," nikasema. "Usiseme neno."

Nikayamwaga yote kwa pumzi moja: shule isiyokuwepo, nyumba tatu, kabati, mifuko ya taka, sanduku la Cherotich. Nikalitaja jina la Hadil lililoandikwa kwenye karatasi ya Nusra. Nikamtaja Shifaa, aliyekuwa amekaa pale pale, na alivyosemwa kuwa hana mtu wa kumuulizia.

"Wivu huo," mmoja akasema nyuma.

"Mekuya na sanduku limejaa, yeo atwambia ametoroka?" mwingine akadakia.

Shukri hakubishana nami. Aliiunga simu yake na spika waliyokuwa wakipigia kasida, akabonyeza. Nyumba nzima ikanisikia nikimwia radhi, duniani na akhera, sina dai naye lolote. Mara ya tatu hiyo, na safari hii kwa sauti ya harusi.

"Kina mama mmesikia," akasema kwa upole wake. "Aliyesema hana dai ndiye huyu anayewavunjia watoto wenu safari."

Minong'ono ikaenea. Bi Barka akainua mkono, wakanyamaza.

"Huwaida. Sauti hiyo ni yako?"

"Ni yangu, Bi Barka. Sikatai."

"Alikulazimisha?"

"Hakunilazimisha."

Nikaona vichwa vikitikiswa. Nikajua nikinyamaza hapo nimekwisha.

"Lakini nina suali, na wewe ndiye mwalimu wangu. Mtu huwiwa radhi kwa alilolitenda, au kwa atakalolitenda?"

Tasbihi ikasimama mkononi mwake. Alimtazama mwanawe kwanza. Alimtazama muda mrefu, na mimi nikamhurumia, maana nilimtupia mama wa watu mzigo ambao si wake.

"Mama," Shukri akasema, "haya si mambo ya..."

"Niwata niseme. Nimeulizwa ilimu, sikuulizwa mwanangu." Kisha akanigeukia. "Kwa alolitenda. Yambo ambalo halijawa, wamsamehe nini?"

Hapo sauti yangu ikarudi kuwa yangu.

"Basi shuhudieni nyote. Bwana Shukri, ya kabla ya safari nilikuwia radhi, na radhi hiyo siirudishi. Ya baada ya safari sijakuwia. Shule uliyonidanganya, sijakuwia. Siku niliyotoroka ukajua ukanyamaza, sijakuwia. Mdogo wangu uliyetaka kumtia mahali pangu, hilo wala usiniombe. Dai langu liko, hapa na mbele ya Mola."

"Astaghfirullah," mtu akasema. Kwetu mtu akitangaziwa kunyimwa radhi mbele ya watu, hata aliyekaa naye husogea. Na walisogea. Daka lile likabaki na Shukri peke yake.

Nilidhani nimeshinda. Nilikuwa nishaanza kujisikia mkubwa.

"Dada," Nusra akasema. Alikuwa hajaondoka mbele ya simu. "Nikuulize moja tu."

"Uliza."

"Ile sauti uliyonitumia, ya raha tupu. Ulikuwa wapi ulipoisema?"

Hili nililificha. Hata ninyi wasomaji, majuma manane, sikuwaambia. Ningemjibu mahakamani kwa urahisi kuliko mle ndani, mbele ya waliokuja kunywa kahawa yangu.

"Roshani," nikasema.

"Ukifanya nini?"

"Nilivunja birika. Madam akanifungia nje, roshani, tangu asubuhi. Jua la saa saba. Nilikuwa na simu nimeificha kifuani, ina chaji kidogo. Ningeweza kumpigia mtu yeyote anisaidie. Nikakutumia wewe ile sauti."

Hakuna aliyesema wivu tena. Mama akainuka pale ukutani, akapita katikati ya watu wote, akaja akakaa ubavuni mwangu, akaushika mkono wangu kwa nguvu mpaka vidole vikaniuma. Sikutaka auachie.

Nusra hakulia. Alinitazama, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepata alichokuwa akikitafuta, kisha akanyoosha mkono akaichukua simu mikononi mwa Shukri. Aliichukua bila pupa, na Shukri, nafikiri kwa mshangao, akaiachia. Akaigeuza. Sasa ilikuwa inamtazama yeye.

"Inarekodi," Nusra akasema. "Bwana Shukri, kazi mimi naitaka, sifichi. Nimechoka kusuka mikeka ya kumngojea mtalii mmoja kwa mwezi. Lakini si kwa Hadil, na Shifaa pia haendi kwa Hadil. Mkataba tusomewe kwa Kiswahili, neno kwa neno, hapa hapa. Pasi zetu tupewe tuzishike wenyewe, huku na huko."

"Pasi zetu," Shifaa akasema, naye akasimama. Akasimama na wa pembeni yake.

"Na wewe," Nusra akaendelea, "leo ndiye wa kusema, sisi tukusikilize. Useme mbele ya mama yako kwamba likitupata la dhuluma, dai letu liko kwako, na simu yetu utaishika hata ikiwa saa nane za usiku. Duniani na akhera. Ukisema, kesho asubuhi tunapanda boti ya Mokowe. Usiposema, sanduku linarudi kwa Cherotich."



Nilikuja kumzuia asiende. Kumbe nilichofanya ni kumfundisha namna ya kwenda. Na Shukri mimi namjua. Mtu aliyeweza kunitajia shule yenye jiko na wapishi sita, na rangi ya aproni zao, atashindwa kutamka maneno kumi mbele ya simu? Atayasema yote, kwa ile sauti yake ya upole, na kesho Nusra atapanda boti akiyaamini.

"Nusra," nikaita. "Nusra, huyu..."

"Ngoja, dada. Wewe ushasema."

Shukri akaitazama simu yake mwenyewe, ile iliyotumeza sote, sasa inamngoja yeye. Akayatazama macho ya wanawake wa Matondoni. Mwisho akamtazama mama yake.

Bi Barka aliiweka tasbihi juu ya mkeka.

"Sema, mwanangu," akasema. "Lakini uyue nakusikiza mimi, na baada yangu yuko akusikizaye zaidi."

Mimi, niliyetembea mwendo wote ule ili mtu huyu alazimishwe kusema, nikajikuta nimefumba macho, mkono wa mama mkononi mwangu, naomba kwa Mola amfunge ulimi.

Nilipoyafumbua, Shukri alikuwa ameshafungua kinywa.